Nasukutua mara nne kwa siku, na bado mteja anageuza uso

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 38, nina mume na watoto wawili. Kazi yangu ni ya kusogeleana na watu. Huwezi kumpima mtu shingo ukiwa umesimama mlangoni. Miezi sita iliyopita nilikuwa nampima mama mmoja mabega, namwuliza kama anataka mkono mrefu au wa nusu, mara akageuza uso pembeni na kubana midomo. Hakusema neno. Alilipa vizuri, akachukua nguo yake ilipokuwa tayari, hakurudi tena. Tangu siku hiyo nikimpima mtu nabana pini midomoni, ili nisilazimike kuongea.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kung'olewa gego, na daktari wa meno alinipa dawa ya kusukutua, ya rangi ya waridi. Aliniambia nianze kesho yake, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Nikaona mdomo unanukia vizuri. Chupa ilipokwisha nikanunua nyingine, maana inauzwa bila cheti. Na baada ya yule mama kugeuza uso nikaongeza dozi mwenyewe: nikiamka, kabla sijafungua kazi, mchana, na usiku nikienda kulala. Siku hizi chupa haikosi mkobani.

Sasa yamezuka haya. Meno ya mbele yamefanya michirizi ya kahawia karibu na fizi, kama ya mvuta sigara, na mimi sijawahi kuvuta. Ulimi nao umekuwa na weusi weusi katikati. Chakula hakina ladha. Juzi mume wangu alisukuma sahani, akaniuliza nimegombana na nani leo, maana mchuzi ulikuwa chumvi tupu. Mimi niliuonja mara mbili, nikaona haujakolea. Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, kwa hiyo palipo na damu napapitia juu juu nisije nikapaumiza zaidi. Na harufu yenyewe, Shangazi, ikifika saa tano asubuhi naihisi imerudi.

Rafiki yangu anasema dawa yangu ni laini mno, nihamie ile inayochoma, kwamba ukiona inachoma ujue inaua. Nimeinunua, bado sijaifungua. Wifi yangu kwa upande wake anasema nitupe zote mbili, dawa za kusukutua zinaleta saratani ya kinywa. Mimi nina presha, nameza vidonge kila siku, sitaki kujiongezea balaa jingine. Halafu juzi nimemkuta mwanangu wa mwisho, wa miaka minne, ameikumbatia ile ya waridi anasema ni juisi yake.

Nimekunakilia maandishi ya chupa. Ya kwanza: klorheksidini asilimia 0.2. Ya pili ina alkoholi asilimia 21 na ushei. Niendelee, nibadili, au niache?

Mwenye Pini Mdomoni

*

Marahaba, mwanangu.

Ile ya waridi iache leo hii. Ile ya pili usiifungue. Halafu kaa, tuongee taratibu, kwa sababu wifi yako na rafiki yako wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa njia yake, na lililo kubwa hakuna aliyekuambia.

Nimekaa miaka mingi pembeni ya kiti cha daktari wa meno, nikishika kile kibomba cha kufyonza mate. Barua yako hata ingekuwa na ule mstari wa mchuzi peke yake, ningekisia chupa unayotumia kabla hujainakili. Klorheksidini ina tabia hiyo: inaufanya ulimi usisikie chumvi. Uchungu nao huufifisha, lakini utamu huuacha karibu kama ulivyo. Ndiyo maana hukulalamika kwamba chai haina sukari. Ulionja mchuzi mara mbili, ulimi ukakudanganya mara mbili, na kila ulipodanganywa mkono ukarudi kwenye kopo la chumvi. Kwa mtu mwenye presha hilo ndilo la kwanza kunitia wasiwasi, kabla hata ya hayo meno ya kahawia.

Habari njema ni kwamba ladha hurudi. Ukiacha dawa, ulimi huamka wenyewe kidogo kidogo. Lakini mpaka hapo usiuamini. Pima chumvi kwa kijiko, au mwite mumeo aonje, na kama anapenda kulalamika basi alalamike sufuria likiwa bado jikoni.

Sasa hiyo michirizi. Klorheksidini si dawa mbaya, na daktari wako hakukosea hata kidogo. Jino likishang'olewa pale mahali ni kidonda, mswaki haufiki, na kidonda kinahitaji kulindwa na vijidudu kwa siku chache. Hata kukuambia uanze kesho yake ni kwa sababu: ukisukutua kwa nguvu siku ileile unang'oa bonge la damu linaloziba shimo, na ukishaling'oa utajua maumivu ni nini. Uzuri wa klorheksidini ni kwamba inanata. Ukishaitema haiondoki yote. Inabaki imeshika kwenye meno, ulimi na ngozi ya ndani ya mdomo, ikiendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa. Lakini kunata huko ndiko kunakoleta rangi. Chai na kahawa zikipita zinaikuta pale imeshika, zinashikamana nayo, na kila siku utando unaongezeka tabaka. Kwa siku saba huoni kitu. Kwa miezi sita, mara nne kwa siku, unapata meno ya mvuta sigara bila kuonja sigara.

Usiyasugue kwa majivu, chumvi wala limau. Nimewaona waliojaribu, na wengine walifika kwetu wamekwisha kula gamba la jino huku doa lipo palepale. Rangi hii imekaa juu ya jino, haikuingia ndani. Daktari wa meno akikusafisha inatoka, isipokuwa kama una jino lililozibwa kwa dawa nyeupe, maana kwenye kingo za mzibo inaweza kuganda. Weusi wa ulimi huisha ukiacha dawa na kuukwangua ulimi kila siku. Na ukiwa kwenye kiti hicho mwombe akuondolee ukoga pia, kwa sababu dawa hiyohiyo ikitumika muda mrefu huongeza ukoga mgumu kwenye meno. Ukoga mgumu hautoki kwa mswaki, uwe mswaki gani.

Hapo ndipo tunafika kwenye fizi.

Umeniandikia habari ya damu katikati ya sentensi, kama jambo la kupita. Mimi naona ndiyo barua yenyewe. Harufu ya mdomo isiyoisha, mara nyingi sana, haitoki tumboni kama watu wanavyosema. Inatoka mdomoni humo humo, hasa sehemu ya nyuma ya ulimi na kwenye mifuko kati ya fizi na meno. Bakteria wanaoishi humo, mahali pasipo na hewa, wanakula mabaki na chembe za mwili zilizokufa, kisha wanatoa gesi zenye salfa. Moja ya gesi hizo ndiyo ileile ya yai lililooza. Fizi inayotoka damu ni fizi iliyovimba, na mara nyingi imevimba kwa sababu ya utando wa bakteria uliokaa pale muda mrefu. Wewe ukaona damu, ukaogopa, ukaanza kupapitia juu juu. Utando ukapata amani. Fizi ikavimba zaidi, damu ikaongezeka, ukazidi kuogopa. Juu ya hayo yote ukamimina dawa ya waridi mara nne kwa siku, na dawa haiingii chini kabisa ya mifuko ile. Umekuwa ukipulizia manukato chumba ambacho panya amefia uvunguni. Saa tano asubuhi manukato yanakwisha.

Kwa hiyo, palipo na damu ndipo pa kupiga mswaki kwa makini zaidi, si kwa nguvu zaidi. Chukua mswaki laini, uulaze kidogo ili nywele zake ziguse mpaka wa jino na fizi, usugue kwa miduara midogo, dakika mbili, asubuhi na usiku. Kati ya meno pitisha uzi wa meno. Siku za kwanza utatema damu hata ukate tamaa. Kama ni uvimbe wa fizi tu, baada ya wiki moja au mbili damu hupungua sana. Isipopungua, au ukiona jino linacheza, au fizi zimeshuka na meno yanaonekana marefu kuliko zamani, hapo ugonjwa umeshaingia chini kwenye mfupa, na hiyo si kazi ya chupa wala ya Shangazi.

Ukimaliza mswaki, tema povu na uache hapo. Usisukutue kwa maji, wala kwa dawa yoyote. Najua inakera kubaki na povu. Lakini dawa ya meno ya watu wazima kwa kawaida ina floraidi, yale madini yanayolinda meno yasioze, kiasi cha 1,350 hadi 1,500 katika kila sehemu milioni, ilhali dawa ya kusukutua ya floraidi ya kila siku ina kama 225 hivi. Ukisukutua mara baada ya mswaki unaondoa kilicho kikali na kuweka kilicho hafifu. Klorheksidini nayo haipatani na viungo vya povu vya dawa nyingi za meno, zikikutana karibu karibu inapoteza nguvu. Nakisia mara mbili kati ya zile nne za siku ulikuwa unafanya hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine kuhusu presha, na hili hata wakati nafanya kazi kliniki hatukulijua. Si bakteria wote wa mdomoni ni maadui. Wapo wanaoishi juu ya ulimi ambao wanabadilisha naitreti, ile iliyomo kwenye mboga za majani, kuwa naitraiti. Tunaimeza na mate, na mwili unaitumia kutengeneza gesi inayolegeza mishipa ya damu. Ukiua bakteria wote, unaua na hao. Jaribio moja la London lililochapishwa mwaka 2013 liliwapa watu 19 wenye afya dawa ya klorheksidini kwa siku saba, na presha zao zikapanda kidogo, kati ya pointi 2 na 3.5. Ni kidogo kweli, na si kila jaribio lililofuata lilipata jibu hilo. Lakini wewe si mmoja wa wale wenye afya kamili, hukutumia siku saba, na juu yake ulikuwa unazidisha chumvi. Nenda ukapimwe presha wiki hii, umwambie daktari anayekupa vidonge kila kitu ulichoniambia mimi. Vidonge usiviache.

Na muulize jambo hili pia: kama vidonge vyako vinakausha mdomo. Baadhi ya dawa za presha hufanya hivyo, hasa zile za kukojoza. Mate ndiyo yanayoosha mdomo mchana kutwa bila kulipwa. Yakipungua harufu inapanda, ndiyo maana mtu yeyote akiamka asubuhi mdomo wake haufai kusogelewa: usiku mate hupungua sana. Sasa fikiria mtu anayeshinda kwenye cherehani tangu asubuhi bila kunywa maji, pini zikiwa midomoni. Weka maji karibu na mkono. Na hizo pini zitoe mdomoni, mwanangu, siku moja utakohoa.

Tuje kwa rafiki yako. Kuchoma si dalili ya kuua. Kinachochoma ni alkoholi pamoja na mafuta makali kama mentholi na thaimoli, na kinachochomwa ni ngozi yako. Dawa hizo zina historia ndefu. Listerine ilibuniwa mwaka 1879 huko St. Louis, Marekani, na daktari aitwaye Joseph Lawrence, kama dawa ya kuua vijidudu kwenye upasuaji, ikapewa jina kwa heshima ya Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza. Biashara yake ilipaa miaka ya 1920, pale matangazo yalipoanza kuwatisha wasichana kwamba hawaolewi kwa sababu ya harufu ya mdomo. Yaani aibu unayoisikia wewe mbele ya mteja, watu wameifanyia biashara miaka mia moja sasa. Toleo lake la asili lina alkoholi asilimia 26.9, mara tano hivi ya bia ya kawaida. Sisemi haifanyi kazi. Inapunguza utando kiasi. Lakini mwenye mdomo mkavu na fizi zilizochubuka hushauriwa kuikwepa, na wewe una dalili za vyote viwili.

Wifi yako naye hakulitoa hewani. Hoja ya saratani imejadiliwa sana, hasa baada ya watafiti wa Australia kutoa onyo mwaka 2008 kuhusu dawa zenye alkoholi. Tafiti zimevutana tangu hapo, na kinachozitatiza ni kwamba wavuta sigara na wanywaji ndio hao hao wanaosukutua sana ili kuficha harufu. Ukimkuta mtu kama huyo na saratani ya kinywa, utailaumu chupa ipi? Yanayojulikana wazi kuleta saratani hiyo ni tumbaku, pombe, kutafuna popoo, na aina fulani ya virusi vya papiloma. Klorheksidini haimo katika orodha hiyo. Mimi msimamo wangu ni mwepesi: anayevuta au anayekunywa asitumie ya alkoholi kabisa, na asiyevuta wala kunywa hapotezi chochote akichagua isiyo nayo. Wewe usilale macho kwa ajili ya saratani. Ila kidonda chochote mdomoni, au doa jeupe au jekundu, likikaa zaidi ya wiki tatu bila kupona, mwonyeshe daktari, hata kama halikuumi. Hasa kama halikuumi.

Mtoto nimemweka mwisho lakini mshughulikie kwanza, kabla hujamaliza kusoma. Chupa zote mbili ziende juu, kwenye kabati lenye kufuli, na mkobani zisirudi. Mtoto wa chini ya miaka sita hajui kutema, anameza. Ile yenye alkoholi ni hatari zaidi, kwani kwa mtoto mdogo alkoholi inaweza kuishusha sukari ya damu mpaka akalegea na kupoteza fahamu. Ikitokea amekunywa usimtapishe. Mbebe hospitali, na chupa uende nayo ili waisome. Na usiseme tena mbele yake kwamba ni tamu au inanukia.

Je, usisukutue tena maishani? Hapana. Daktari akikusafisha meno anaweza hata kukuandikia klorheksidini ileile kwa wiki moja au mbili, ukaitumia bila wasiwasi na kuiacha siku aliyosema. Kama uso utavimba, ngozi ikatoka vipele au pumzi ikabana baada ya kuitumia, hiyo ni mzio. Ni nadra, lakini ni ya kukimbilia hospitali. Ukitaka kitu cha kutumia mchana baada ya kula, maji matupu yanatosha, au dawa ya floraidi isiyo na alkoholi, mbali na saa za mswaki. Kwa fizi zinazouma siku hizi za mwanzo, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua nusu dakika, tema yote. Usimeze, unajua kwa nini.

Ukitaka kujipima harufu bila kumwuliza mtu, usipumulie kiganja, hakikuambii kitu. Lamba sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono kwa ulimi wa nyuma kadiri unavyofika, subiri sekunde kumi mate yakauke, unuse. Au nusa ule uzi baada ya kuupitisha kati ya magego. Huo hauna haya. Na mume unaye, mwulize. Mtu aliyethubutu kukuambia mchuzi ni chumvi tupu atathubutu na hilo.

Yule mama aliyegeuza uso huenda alisikia harufu, huenda alikuwa anajizuia kupiga chafya. Hatutajua. Wewe andika siku ya kwenda kusafisha meno, kisha endelea na maji ya chumvi jioni. Siku utakayoyatia mdomoni ukakunja sura kwa ukali wake, ulimi utakuwa umerudi, na mumeo anaweza kuachishwa kazi ya kuonja.

Shangazi